Telemachus: yanayosemwa juu ya kukua kwake, na yaliyomo katika Odisea

Wengi humkumbuka Telemachus kama kitoto kinachomlilia baba. Hesabu inakataa. Baba huyo, Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, alimwacha mchanga alipokwenda kupigana Troya. Vita vikala miaka 10, na njia ya kurudi Ithaca ikala mingine 10. Odisea, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, unapoanza, huyu ni kijana wa miaka 20 hivi. Kilichombakiza utotoni ni ile nyumba yenye wanaume 108 wanaomposa mama yake, wakichinja mifugo yake na kunywa divai yake, naye hana mkubwa wa kusimama nyuma yake.

Tena umri huo ulikuwa na uzito ambao husemwa kwa nadra mno. Mama yake, Penelope, anakumbuka wasia wa mumewe siku ya kuagana: ukimwona mwanetu ameota ndevu, olewa na umtakaye. Kwa hiyo kadiri kidevu cha kijana kilivyokuwa kikiota ndevu, ndivyo mama alivyozidi kukosa sababu ya kuwakatalia wale waposaji.

Husemwa pia kwamba alilelewa na Mentor, hata jina hilo likawa neno la kumwita mtu anayemshika mkono kijana kazini. Mentor wa Homer ni rafiki aliyeachiwa nyumba aitunze, na anachofanya ni kidogo. Anayemsukuma Telemachus ni mungu wa kike Athena, aliyevaa sura ya Mentes kwanza, kisha ya Mentor mwenyewe. Mentor mwalimu alipata umaarufu kwa kitabu cha Mfaransa Fénelon cha 1699.

Wala safari ya kumtafuta baba haikumpatia. Alikwenda Pylos kwa mfalme Nestor na Sparta kwa mfalme Menelaus, akarudi na habari tu. Baba yake alikutana naye kisiwani kwao, kibandani kwa Eumaeus, mchunga nguruwe.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba aliwaua waposaji, na hapo ndipo akawa mwanamume. Ni kweli alipigana. Lakini tazama kabla ya hapo, kwenye shindano la upinde wa Odysseus, ambalo mshindi wake angemwoa Penelope. Anajaribu kuutia ugwe mara tatu, unamshinda. Mara ya nne angeweza, na Homer anasema hivyo waziwazi. Baba yake, aliyejigeuza ombaomba, anamkataza kwa ishara. Telemachus anauweka chini na kusema mbele ya wote kwamba labda yeye ni mnyonge, au bado mdogo. Kwangu mimi, utu uzima wake uko hapo: nguvu anayo, na anakubali kuonekana hana.

Kisha vita vikiwa vimepamba moto, maadui wanapata silaha kutoka ghalani. Odysseus anawashuku wajakazi, au Melanthius mchunga mbuzi. Telemachus anamjibu kwamba kosa ni lake peke yake, ndiye aliyeacha mlango wazi.

Na wanaomsimulia kama kijana mwema hadi mwisho huruka ukurasa mmoja, nami naona ni vibaya kuuruka. Wajakazi 12 walihukumiwa kwa kulala na waposaji. Odysseus aliamuru wauawe kwa upanga. Telemachus akaona hicho ni kifo cha heshima wasichostahili, akawanyonga kwa kamba ya merikebu, wamepangwa safu kama ndege walionaswa kwenye wavu. Miguu yao ilitapatapa kidogo tu.