Kiti cha Mbunifu Mashuhuri na Kazi ya Kutwa: Dhana Potofu Zinazowagharimu Wanunuzi

Katika kazi ya kukarabati viti vya ofisi vya katikati ya karne ya 20, hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Kiti hiki ni cha mbunifu mashuhuri, kwa hiyo lazima kiwe kizuri kwa mgongo." Anayeisema huwa tayari amekwisha kulipa, na ananijia akitaka nimwongezee sponji, kana kwamba sponji inaweza kurekebisha kiti ambacho tangu mwanzo hakikuundwa kwa kazi anayoifanya.

Dhana: kiti chenye jina kubwa kinafaa kukaliwa siku nzima mbele ya kompyuta

Vingi kati ya viti vinavyouzwa leo kama viti vya dawati havikubuniwa kwa ajili ya dawati. Viti vya alumini vya wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames, mume na mke, vilivyotolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1958 na ambavyo sasa vimejaa katika picha za ofisi za wakurugenzi, vilianza kama fanicha ya kukalia nje, kwa ajili ya nyumba ya J. Irwin Miller huko Columbus, Indiana. Kile kiti chao kinene cha ngozi cha mwaka 1960 kilitengenezwa kwa kumbi za mapokezi za jengo la Time-Life jijini New York, yaani kwa mtu anayesubiri kuitwa. Wauzaji hawachoki kukumbusha kwamba Bobby Fischer alikikalia Reykjavik mwaka 1972 alipomshinda Boris Spassky katika sataranji, na hilo ni kweli. Lakini mchezaji wa sataranji huegemea nyuma akafikiri, wala hashindi ameweka mikono juu ya kibodi. Kiti cha Eero Saarinen cha mwaka 1950, chenye uwazi nyuma ya kiuno, nakipenda sana, na ningekiweka bila kusita katika chumba cha mikutano, kwa sababu mikutano huisha.

Jambo la pili ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Mkurugenzi wa miaka ile alisaini barua, alizungumza kwa simu, alimsomea karani maneno ya kuandika, kisha akainuka. Kiti chake kilikuwa kipana, kizito na chenye kulalia nyuma kwa sababu hivyo ndivyo alivyokitumia. Aliyekaa kutwa nzima akigonga vitufe alikuwa mpiga taipu, naye alikuwa na kiti cha namna nyingine: kidogo, kisicho na mikono, chenye egemeo dogo lililofungwa juu ya bapa la chuma linalonepa, ambalo husogezwa juu na chini, mbele na nyuma, hadi likae sawasawa kiunoni. Anayefanya kazi ya kompyuta leo ni mrithi wa yule mpiga taipu, si wa yule mkurugenzi, na kwa maoni yangu kiti cha mpiga taipu kilichotunzwa vizuri ndicho ununuzi wa busara kuliko vyote. Wateja hukipita bila kukitupia jicho kwa kuwa hakina jina la kutajia wageni.

Anayeng'ang'ania jina, basi na aje na futi ya kupimia. Dawati la kawaida lina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Kaa, sponji ilale chini ya uzito wako, kisha pima kutoka mahali ulipokalia hadi juu ya dawati: kwa watu wengi umbali wa sentimita 25 hadi 30 huacha viwiko vikae usawa wa meza bila mabega kupanda. Pima vilevile mikono ya kiti na sehemu ya chini ya droo, kwa maana mikono ikigonga droo utalazimika kukaa mbali na kuinama siku nzima. Kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kiti cha plaiwudi cha Arne Jacobsen cha mwaka 1955, ambacho pia kiliuzwa kikiwa na magurudumu, kina kikalio na egemeo vya kipande kimoja; kisipokufaa kiunoni, hakuna skrubu ya kukirekebisha. Na majaribio ya dakika tano dukani hayasemi kitu, kwani karibu kila kiti ni kizuri kwa dakika tano.

Dhana: sponji na kitambaa vya awali visiguswe, thamani itashuka

Kama kiti ni cha kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, sawa. Sponji ya poliyurethani ya miaka ile husagika. Bonyeza kikalio kwa gumba, na ukisikia kitu kikivunjikavunjika kama biskuti kavu huku vumbi la rangi ya kahawia likidondoka sakafuni, hapo huna sponji tena, una unga. Ibadilishwe, na kitambaa cha awali kihifadhiwe kwenye mfuko kwa ajili ya mnunuzi ajaye.

Dhana: lebo chini ya kikalio ni uthibitisho kwamba kiti ni halisi

Lebo hubanduka na kubandikwa kwingine. Mimi hutazama skrubu, alama za kalibu katika alumini na namna uchakavu ulivyolingana pande zote. Katika viti vya faibaglasi, hutazama zaidi vile vibonge vya mpira vilivyogundishwa chini ya kikalio: vikishakauka, kimoja huachia ghafla mtu anapoegemea. Kugundisha upya kwa gundi ya epoksi kunawezekana. Ufa katika faibaglasi yenyewe ni habari nyingine, na mimi hukataa kuugusa.

Dhana: miguu minne ni imara sawa na mitano

Sivyo. Kwa miguu ya urefu uleule, mstari ambao kiti huanza kupinduka ukiuvuka uko umbali wa asilimia 71 hivi ya urefu wa mguu kutoka katikati panapokuwa na minne, na asilimia 81 panapokuwa na mitano. Ndiyo sababu viti vya ofisi vya baadaye vikawa na mitano. Mtu mzito, au anayependa kuegemea kwa pembeni, atafute mitano hata kama wakusanyaji watamnunia.

Dhana: kiti cha zamani hakina masharti ya kisheria

Kama kina mbao za rozwudi ya Brazili, yaani Dalbergia nigra, kinayo. Tangu mwaka 1992 mti huo umo katika Kiambatisho cha Kwanza, kilicho kikali kuliko vyote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kukivusha mpaka bila hati ni kujitafutia kesi. Muulize muuzaji hati kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kuzuiliwa.

Kuhusu magurudumu, ambayo huharibu sakafu nyingi bila sababu: gumu ni la zulia, lenye mpira laini ni la mbao na vigae, na kuyabadilisha hakushushi thamani ya kiti ilimradi uyatunze yale ya awali.