Ghana ninayoiota: kutoka Kyela hadi kwenye lundo la kakao

Watu wengi wakiniambia wanatamani kufika Ghana huwa wanawaza Accra, au zile ngome za biashara ya watumwa za Elmina na Cape Coast. Nikijaliwa, huko nami nitapita. Ila ninachokiota hasa ni kuwa shambani kwa mkulima siku ambayo anafunua lundo lake la kakao ili aligeuze.

Mimi ni mtaalamu wa kakao, na kazi yangu iko Kyela, Tanzania, kando ya Ziwa Nyasa. Mchana kutwa nazungumza na wakulima juu ya uvundikaji, kwa sababu hapo ndipo ladha ya chokoleti inapopatikana au kupotea. Mbegu ya kakao ikitoka kwenye tunda ni chungu na inakausha mdomo, na ukiipasua ndani ni ya zambarau. Imezungukwa na utando mweupe wenye sukari. Ukizirundika mbegu pamoja na utando wake, kwanza hamira za asili huigeuza ile sukari kuwa pombe. Baadaye, ukiligeuza lundo na hewa ikaingia, bakteria huifanya ile pombe kuwa siki. Joto hupanda hadi karibu nyuzi 50, kijusi cha mbegu hufa, kuta za ndani hulegea, na vile vitu vya uchungu huanza kubadilika. Harufu hukwambia kila hatua: kwanza tamu kama ya matunda yaliyoiva, kisha kali ya siki inayochoma pua. Ikianza kunuka uvundo, umechelewa.

Sisi Kyela tunahimiza masanduku ya mbao. Mkulima mdogo wa Ghana, mara nyingi, hana sanduku. Hutandika majani ya migomba juu ya vijiti ili maji yachuruzike, humwaga mbegu juu yake, hufunika kwa majani mengine na kuyakandamiza kwa magogo. Siku sita hivi, na kugeuza mara mbili. Basi. Kisha huzianika kwenye vichanja vya mianzi au matete, huku watu wamezunguka kichanja wakitoa kwa mkono punje bapa, zilizoshikana na zilizovunjika. Kwa njia hiyo isiyo na gharama, Ghana imejenga jina ambalo wanunuzi wa dunia hulilipia nyongeza. Migomba Kyela tunayo tele. Nataka kuona kwa macho yangu wanavyopima ukubwa wa lundo, maana lundo dogo halishiki joto, na mkulima wangu mwenye miti michache hilo ndilo linalomshinda.

Kitu kingine ninachotaka kukiona ni meza ya ukaguzi. Punje 300 huchukuliwa kwenye sampuli na kupasuliwa kwa urefu moja moja. Ya kahawia yenye mifereji imevundikwa vizuri. Ya kijivu kama ubao wa shule haikuvundikwa. Kwa daraja la kwanza, za kijivu zisizidi asilimia 3, na zenye ukungu vivyo hivyo. Huwezi kubishana na kisu. Kwetu, njemke, yaani walanguzi kununua kakao mbichi kwa mkulima mwenye shida, imetuharibia hapo hapo: anayeuza mbichi hana sababu ya kujifunza kuvundika.

Safari yenyewe nimeipanga hivi. Kutoka Accra nitapanda vilima vya Akuapem, nisimame Aburi, kwenye bustani ya mimea iliyofunguliwa 1890 na kusambaza miche ya kakao kwa wakulima. Mbele kidogo ni Mampong, lilipo shamba la Tetteh Quarshie. Huyu alikuwa mhunzi, si mkulima mkubwa. Alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko, Guinea ya Ikweta) na mbegu za kakao, akazipanda Mampong mwaka 1879. Wamisionari walikwisha jaribu kabla yake, lakini ni kakao yake iliyoenea kwa majirani. Hata miaka 35 haikupita, koloni lile la Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, likawa la kwanza duniani kwa kuuza kakao, na kazi hiyo ilifanywa na wakulima wa kawaida kwenye mashamba yao wenyewe. Kila nikimsikia mtu akisema kakao inataka mashamba makubwa ya kampuni, humkumbuka mhunzi huyo.

Kisha Tafo, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanza 1938. Ilianzishwa kwa sababu ya ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi na kuua mti, ukisambazwa na vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu. Dawa yake haipo hadi leo. Mti mgonjwa hung'olewa pamoja na majirani zake. Serikali ya kikoloni ilipoikata miti kwa nguvu, hasira za wakulima zikawa sehemu ya vuguvugu la 1948 la kuupinga ukoloni.

Mwaka 2024 mavuno ya Ghana na Ivory Coast yaliposhuka kwa hali ya hewa, magonjwa na miti iliyozeeka, bei ya New York ilivuka dola 10,000 kwa tani. Minada yetu ya stakabadhi ghalani, ambako kakao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, ikapanda nayo, na nyumba za bati zikaongezeka vijijini. Mkulima wa Ghana hakupata vile, kwa kuwa bei yake hupangwa na serikali na kakao nyingi ilikuwa imekwisha uzwa mapema. Miaka bei inapoanguka, bei hiyo ya kupangwa hukusudiwa kumkinga. Mkulima wetu huanguka na soko. Ningependa kukaa na yule wa Ghana kibarazani nimuulize yeye angechagua lipi.

Nitakwenda Novemba, msimu mkuu ukiwa umekolea. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo ni moja tu, na cheti chake ni cha maisha. Wenzangu wameshaniagiza mbegu za Tafo, na nimewakatalia wote. Ugonjwa ule kwetu haupo, na kidung'ata kimoja ndani ya tunda au kikonyo kinatosha kuuleta. Viatu nitakavyoingia navyo mashambani nitaviacha huko huko.