Leso Iliyofuliwa: Dhana Zinazowaponza Manusura Nairobi

Jioni moja mtaani Kayole, mama mmoja aliniletea leso ya bintiye. Alikuwa ameifua, ameianika na kuikunja vizuri. Alidhani anamstiri mtoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nguo ya aliyebakwa haifuliwi. Huachwa ilivyo, ikakauka, ikatiwa kwenye bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki unaoiozesha, maana hiyo ndiyo itakayosema kortini. Nasindikiza manusura wa ukatili wa kingono na wa nyumbani kama msaidizi wa kisheria, na nikiulizwa mianya ya sera iko wapi, naikumbuka leso ile, pamoja na dhana hizi ninazozisikia mara kwa mara.

"Anza polisi, ndipo hospitali ikupokee." Sivyo. Dhana hii huniumiza kuliko zote kwa sababu saa inakimbia. Dawa za PEP, za kuzuia virusi vya ukimwi, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kuwahi ni bora zaidi. Za kuzuia mimba zina saa 120. Aliyebakwa Ijumaa usiku akingoja namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hadi Jumatatu, sehemu kubwa ya saa hizo 72 imemponyoka. Hospitali humtibu kwanza na kujaza fomu ya PRC, inayorekodi majeraha na sampuli. P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, itafuata, na fomu hiyo haiuzwi. Anayeuziwa anaibiwa.

"Ndani ya ndoa hakuna ubakaji." Hapa dhana imepewa nguvu na sheria yenyewe. Kifungu cha 43(5) cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinawatenga waliooana kihalali. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ikataja ukatili wa kingono katika ndoa kuwa dhuluma. Kwa hiyo mke anaweza kuomba korti amri ya ulinzi dhidi ya mume aliyemlazimisha, lakini akitaka ashtakiwe kwa ubakaji, kifungu kile kinamzuia. Nimewahi kumweleza mama jambo hilo kwenye benchi la korti, akanitazama kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwili wangu ni nusu wangu?" Ningepewa nafasi ya kuziba mwanya mmoja tu, ningefuta kifungu hicho.

Wengine hudhani amri ya ulinzi inataka cheti cha ndoa. Haitaki. Wachumba, walioachana, wanaoishi pamoja, waliozaa pamoja, hata ndugu wa familia, wote wanaangukia chini ya sheria ya 2015.

"Tutaimaliza nyumbani." Nimeyaona hayo: wazee sebuleni, noti zinahesabiwa mezani, msichana yuko jikoni anasikia bei yake. Kisha mzazi anakwenda kituoni kusema ameondoa kesi. Hana mamlaka hayo. Kifungu cha 40 cha sheria ya 2006 kiliuweka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka kwa Mwanasheria Mkuu, na leo mashtaka ya jinai yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Afisa wa dawati la jinsia anayefunga faili kwa sababu familia zimeelewana amevuka mipaka yake. Aambiwe hivyo, kwa heshima, lakini aambiwe.

"Kama anapigwa, si aondoke?" Aende wapi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipotimiza miaka 15. Nyumba salama ni chache, na nyingi huendeshwa na mashirika, si serikali. Ukipiga 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa, utasikilizwa bure usiku wa manane, lakini simu si kitanda.

Kuna mama niliyemsindikiza akapewa amri ya ulinzi mchana. Magharibi nilimkuta steji na watoto wawili na begi, karatasi ya korti ameishika mkononi. Nyumba ilipangwa na mume, na mume ndiye aliyelipa kodi, basi mama akaona hana budi kutoka. Kumbe sheria inamruhusu hakimu kuamuru mkosaji ndiye atoke na waliodhulumiwa wabaki. Hatukuwa tumeliomba hilo. Siku hizi ndilo ombi la kwanza ninaloandika.