Mchecheto wa Kuruka kwa Parachuti Mara ya Kwanza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayejiandaa kuruka kwa parachuti kwa mara ya kwanza hapungukiwi na washauri. Mmoja humwambia apige moyo konde, mwingine humwambia asilifikirie jambo lenyewe hadi siku ifike, na wa tatu, ambaye aghalabu hajawahi kuruka hata mara moja, humshauri afumbe macho. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini sehemu yake kubwa imejengwa juu ya imani kwamba mchecheto ni kasoro ya mtu, na kwamba ukijitokeza basi kuna jambo halijakaa sawa. Imani hiyo ndiyo iliyozaa karibu dhana zote zinazojadiliwa hapa, kwa hiyo ni vyema tuanze nayo.

Dhana: Wazoefu hawaogopi, na anayeogopa hakuumbiwa mchezo huu

Katika miaka ya 1960 wanasaikolojia Walter Fenz na Seymour Epstein waliwapima warukaji wa parachuti mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na uwezo wa ngozi kupitisha umeme, ambao huongezeka mtu anapotokwa na jasho la fadhaa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1967, vipimo vya wanagenzi vilipanda mfululizo hadi ukingoni mwa kuruka. Vya wazoefu navyo vilipanda, ila vilifika kileleni mapema zaidi, kisha vikaanza kuteremka kabla ya wakati wa kuruka. Yaani ndege ilipokuwa ikizidi kupanda, hofu yao ilikuwa ikishuka.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mwingine uliolinganisha wanagenzi na wazoefu, nao ulionyesha kwamba wazoefu walijieleza kuwa na wasiwasi mdogo zaidi, ilhali kiwango cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokabiliwa na jambo zito, kilipanda kwa namna inayofanana katika makundi yote mawili. Mwili wa mtu aliyeruka mara mamia bado unatambua kwamba kutoka ndani ya ndege si jambo la kawaida, na kwa maoni yangu ni heri uendelee kutambua hivyo.

Kwa hiyo tofauti kati ya mzoefu na mwanagenzi ni wakati. Mzoefu huogopa mapema, pale ambapo hofu bado ina kazi ya kufanya: humsukuma akague mikanda yake mara ya pili, aulize kuhusu upepo, akumbuke hatua za dharura. Mwanagenzi huisukuma hofu mbele, usiku kucha na asubuhi nzima, hadi imkute mlangoni ikiwa nzima na haina kazi. Mwenye maswali na ayaulize darasani, hata yale anayoyaona ya kitoto, kwa kuwa swali lililomezwa ardhini halipotei, bali hupanda ndege pamoja na mwenyewe.

Dhana: Dawa ya mchecheto ni kutolifikiria jambo lenyewe

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka washiriki wa jaribio wasimfikirie dubu mweupe. Hawakuweza, na walipopewa ruhusa ya kumfikiria baadaye, walimfikiria zaidi kuliko wale walioambiwa wamfikirie tangu mwanzo. Mtu anayejiapiza kutolifikiria lango la ndege wiki nzima anajitengenezea dubu wake.

Kinachosaidia ni kulifikiria jambo kwa mpangilio na kwa undani unaoshikika. Mtazame mwanafunzi anayejifunza kuruka peke yake, ambaye katika miruko ya mwanzo walimu wawili huruka naye wakiwa wamemshika huku na huku. Ndege ikiwa bado inapanda, ameketi akiwa amebanwa kati ya wenzake, altimeta, yaani kifaa cha kupimia kimo, ikiwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na midomo yake inachezacheza bila sauti. Kisha mkono wake wa kulia unakwenda nyuma, unapapasa upande wa chini wa begi la parachuti hadi unapogusa kishikio cha kuifungua, na wakati huohuo mkono wa kushoto unainuka mbele ya paji la uso ili mwili usiegemee upande mmoja. Anarudisha mikono, anatazama altimeta, anaanza tena. Huyo analifikiria tendo lenyewe kuliko mtu yeyote ndani ya ndege, lakini anafikiria atakachofanya, wala si kitakachompata.

Katika mruko wa tandemu, yaani ule ambao mwanafunzi hufungwa mbele ya mwalimu kwa mikanda, kazi za mwanafunzi ni chache: kusukuma kiuno mbele na kuupinda mwili, kulaza kichwa nyuma begani kwa mwalimu, kushika mikanda ya kifuani hadi atakapoguswa bega, na kuinua miguu wakati wa kutua. Wengi huzidharau kwa kuwa mwalimu ndiye anayebeba jukumu lote. Ni kosa, maana akili yenye mambo manne ya kukumbuka haina nafasi kubwa ya kubuni la tano.

Dhana: Jikaze

Pengine hakuna neno linaloharibu mruko wa kwanza kama hili. Mtu anayeporomoka kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa hubebwa na hewa kama vile amelala juu ya mto mkubwa wa kulalia, na hewa hiyo huitikia kila msuli. Mwili uliolegea ukiwa umepindwa vyema hutulia wenyewe, lakini uliokakamaa hutikisika na kuyumba, au huanza kugeuka upande mmoja bila mwenyewe kujua sababu. Ndiyo maana miongoni mwa ishara za mkono ambazo mwanafunzi hufundishwa ardhini, ipo moja ya kumtaka alegeze mwili. Ingekuwa kujikaza kunasaidia, walimu wangebuni ishara ya kujikaza.

Kulegea huanzia kwenye pumzi. Mwenye woga huvuta hewa na kuishikilia, kisha huvuta nyingine juu yake, mpaka kifua kinajaa na kichwa kinaanza kuwa chepesi. Hapo ndipo hutokea dhana nyingine ndogo, kwamba angani hewa haiingii. Hewa ipo ya kutosha, na katika kimo cha kawaida cha miruko hii, ambacho ni kati ya mita 3,000 na 4,000 hivi, mtu mwenye afya hupumua bila shida. Kinachokosekana ni kuitoa ile iliyokwisha kuingia. Walimu wengi humwambia mwanafunzi apige kelele anapotoka mlangoni, na sababu yake si shamrashamra: anayepiga kelele analazimika kutoa pumzi, na akishaitoa yote atavuta nyingine apende asipende. Ndani ya ndege inatosha kutoa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, mara kadhaa, bila kumtangazia mtu.

Tena, kujilazimisha kuwa mtulivu si lazima. Mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia wana msisimko kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Hayo hayakufanywa angani, lakini mantiki yake inahamishika: moyo unaodunda na viganja vyenye jasho ni dalili za woga na za shauku kwa pamoja, na ni rahisi kuzibadilishia jina kuliko kuzizima.

Dhana: Ukishazijua takwimu utatulia

Kwa kumbukumbu za chama cha warukaji cha Marekani, USPA, mwaka 2023 walifariki watu 10 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65 nchini humo. Ni takwimu inayotia moyo, na inafaa kufahamika kabla ya kuamua. Ila moyo haujui kusoma. Mwanafunzi anaweza kuikariri takwimu hiyo neno kwa neno na bado magoti yake yakagongana ndege inapoanza kukimbia kwenye njia ya kurukia.

Kinachotuliza zaidi ya nambari ni kuona vifaa na kuelewa jinsi vinavyofanya kazi. Mwanafunzi aombe aonyeshwe kwamba ndani ya begi moja zimo parachuti mbili, ile kuu na ya akiba, na kwamba ya akiba hufungashwa na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Aonyeshwe pia kile kifaa cha elektroniki ambacho hupima kimo na kasi, nacho huifungua parachuti ya akiba chenyewe endapo mtu atafika chini ya kimo kilichopangwa akiwa bado anaporomoka. Kuna watu ambao hofu yao ilipungua nusu pale tu waliposhika kishikio kwa vidole vyao wenyewe na kuhisi uzito wake.

Dhana ndogondogo zinazoongeza mchecheto bure

Ya kwanza ni ile ya tumbo kupanda kooni kama mtu anavyohisi kwenye bembea kubwa. Katika mruko wa kawaida hisia hiyo huwa hafifu au haipo kabisa, kwa sababu ndege tayari inakwenda mbele kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na anayetoka huendelea na kasi hiyo huku mwelekeo wake ukibadilika taratibu kutoka mbele kwenda chini. Anayeruka kutoka kwenye puto lililotulia angani ndiye atakayeionja hisia ile ya bembea.

Ya pili ni kutokula. Mtu huamka akaacha chakula kwa kuogopa kutapika, halafu akangoja saa nyingi uwanjani kwa sababu ya mawingu au upepo, hadi sukari ya mwilini ikashuka, mikono ikaanza kutetemeka na jasho likamtoka. Dalili hizo hizo anazihesabu kuwa woga, na woga unapata nguvu mpya. Chakula chepesi ni bora kuliko tumbo tupu. Kahawa kikombe baada ya kikombe nayo huongeza mapigo ya moyo ambayo hayakuhitaji msaada.

Ya tatu, kunywa pombe kidogo ili kuondoa woga. Hili halina mjadala: sheria za anga za Marekani, kwa mfano, humkataza aliyelewa kuruka na humkataza rubani kumruhusu. Vidonge vya kutuliza pia visimezwe bila kumweleza daktari na mwalimu, kwani kinachozima woga huweza kuzima na wepesi wa kufikiri.

Na kutetemeka kwenyewe si woga kila mara. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kupanda, kwa hiyo katika kimo cha mita 4,000 huwa na baridi zaidi ya ardhini kwa karibu nyuzi 25. Mlango ukifunguliwa, hata jasiri hutetemeka.

Dhana: Anayeogopa ngazi hawezi kuruka kutoka kwenye ndege

Wapo warukaji wazoefu ambao hawapendi kusimama ukingoni mwa ghorofa. Juu ya ngazi jicho hupima umbali kwa kutumia ukuta, vidato na ardhi iliyo karibu, na mwili hupokea ujumbe wa wazi kwamba hapa unaweza kuanguka. Katika kimo cha maelfu ya mita hakuna kinachomuunganisha mtu na ardhi. Mashamba na barabara huonekana kama ramani iliyotandazwa, na kwa watu wengi kile kizunguzungu cha ukingoni hakiji. Sisemi kwamba kila mwenye hofu ya vimo atapona mlangoni, maana mlango nao ni ukingo. Ninachosema ni kwamba hofu ya ngazi haitabiri vizuri kitakachotokea huko juu.

Dhana: Ukishapanda ndege, huna ruhusa ya kurudi

Wengi huingia ndani ya ndege wakiwa na ile methali ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hapa methali hiyo haina mahali. Mwanafunzi anayesema hapana kabla ya kutoka hurudi chini na ndege, na walimu makini huliheshimu neno hilo bila kumtahayarisha. Kilichopotea ni pesa pengine, na mchana mmoja. Jambo la kushangaza ni kwamba kulijua hilo mapema huwasaidia watu kuruka, kwa sababu aliye na njia ya kurudi huacha kujihisi ametegwa. Hata hivyo uamuzi utolewe kwa sauti na kabla ya kufika mlangoni, wala si kwa kung'ang'ania fremu ya mlango wakati mwalimu amekwisha kuanza kuhesabu. Kusitasita katikati ya tendo ndiko kunakoleta hatari.

Dhana: Baada ya mruko wa kwanza, hofu imekwisha

Wapo wanaosimulia kwamba mruko wa pili uliwatisha kuliko wa kwanza. Mara ya kwanza mtu haelewi anakokwenda, na sekunde za mwanzo baada ya kutoka mara nyingi hazikumbukwi kabisa, kwa kuwa kelele, baridi na mwanga humvamia kwa pamoja kuliko akili inavyoweza kupokea. Mara ya pili anafahamu, na mwili umeweka kumbukumbu yake. Hilo halimaanishi amerudi nyuma.

Hofu hurudi pia baada ya kukaa muda mrefu bila kuruka, na taratibu za mchezo zinalizingatia hilo. Kwa mapendekezo ya USPA, mwanafunzi aliyekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka hupitishwa tena kwenye mafunzo ya kumrejesha kabla ya kuendelea. Utamkuta basi akiwa amening'inia kwenye mikanda iliyofungwa darini, futi chache tu kutoka sakafuni, akitazama kishikio, akikishika, akikivuta, na mwalimu akimwambia: tena.