Je, wajua kwa nini michoro ya Lascaux ilidumu miaka 17,000, kisha ikaanza kuharibika ndani ya miaka 15?

Vitabu vingi vya historia ya sanaa ya Magharibi huanza na mafahali wa Lascaux. Ni ng'ombe mwitu wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, na mmoja wao ana urefu wa zaidi ya mita 5 kutoka kichwani hadi mkiani. Walichorwa takriban miaka 17,000 iliyopita, ndani ya pango karibu na mji mdogo wa Montignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Tangu mwaka 1963 watalii hawaruhusiwi kuingia humo. Na si kwamba michoro ilikuwa imechakaa kwa uzee. Miaka yote hiyo ilikuwa salama. Kilichoiletea maradhi ni pumzi za watu waliokuja kuitazama.

Kwanza, iliwezaje kudumu? Mlango wa pango ulizibwa na mawe na udongo ulioporomoka, hivyo hewa ya ndani ikatulia na joto likabaki karibu vilevile mwaka mzima, nyuzi 12 au 13 hivi. Juu ya dari kuna tabaka la udongo mzito usiopitisha maji kirahisi, kwa hiyo mvua za maelfu ya miaka hazikuchuruzika ukutani. Halafu kuna rangi zenyewe. Nyekundu na manjano ni udongo wenye madini ya chuma, nyeusi ni madini ya manganizi. Rangi za mimea zingekwisha kuoza zamani, lakini madini hayaozi, na ndani ya giza hakuna jua la kuyapausha.

Waliochora walijua kazi yao. Walisaga madini hayo yakawa unga, wakayapaka kwa vidole na vibonge, mahali pengine wakayapuliza. Kwa kuwa humo mna giza totoro, walitumia taa za mawe zenye mafuta ya wanyama. Moja iliyookotwa ni ya jiwe jekundu, ina mpini na imechongwa vizuri kabisa. Katika ujia mmoja kuna matundu ukutani yanayoonyesha palichomekwa magogo ya jukwaa la kusimamia ili wafikie juu. Jambo moja hunishangaza kila nikilisoma: mifupa mingi ya chakula iliyokutwa humo ni ya ayala wa nchi za baridi, yaani ndiye nyama waliyokula, ila katika mamia ya wanyama waliochorwa, ayala huyo yupo mmoja tu. Farasi, ambao mifupa yao ni michache, wamejaa kila upande. Kwa hiyo wanaosema watu hawa walichora tu windo walilotamani kula wanapaswa kutueleza hilo.

Pango liligunduliwa tarehe 12 Septemba 1940, vita vikiendelea Ulaya, na vijana wanne waliopenya kwenye shimo msituni. Aliyewaongoza ni Marcel Ravidat. Vita vilipokwisha, likatayarishwa kwa watalii. Kifusi kilichokuwa kimeziba mlango kikaondolewa, sakafu ikachimbwa, ngazi na taa za umeme zikawekwa, na mwaka 1948 watu wakaruhusiwa kuingia. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, siku za msimu waliingia zaidi ya 1,000 kwa siku.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu anapopumua hutoa joto, mvuke na hewa ya kaboni dayoksaidi. Mvuke ukigusa mwamba wenye ubaridi hugeuka matone, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Kaboni dayoksaidi ikiyeyuka katika matone hayo hutengeneza asidi hafifu. Asidi hiyo ni dhaifu, lakini ukuta wa Lascaux ni wa mawe ya chokaa, na chokaa huliwa hata na asidi dhaifu. Kisha hewa inapobadilika, ile chokaa iliyoyeyuka huganda tena juu ya ukuta kama utando mweupe, na kuanza kuifunika michoro. Wataalamu wakauita ugonjwa mweupe.

Ukaja pia ugonjwa wa kijani. Viatu vya wageni viliingiza mbegu ndogo za mwani, taa za umeme zikaupa mwanga, unyevu ulikuwepo tayari, na madoa ya kijani yakaanza kuenea ukutani. Mwezi Aprili 1963, André Malraux, aliyekuwa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa, akaamuru pango lifungwe. Mwani ulidhibitiwa kwa fomalini na dawa za kuua bakteria.

Kufunga mlango hakukurudisha hali ya awali. Mwaka 2001, muda mfupi baada ya kuwekwa mtambo mpya wa kurekebisha hewa, kuvu mweupe alienea kwa kasi hadi sakafu ikamwagiwa unga wa chokaa ili kumzuia. Baadaye yakatokea madoa meusi, na mmoja wa kuvu wanaoyasababisha ni spishi ambayo sayansi haikuwa ikiijua. Amepewa jina la pango lenyewe. Hata dawa zina lawama yake: fomalini iliyotumika kwa miaka mingi iliua vijidudu dhaifu, ikawaachia nafasi vile sugu.

Wapo wanaonung'unika kwamba leo watalii huonyeshwa nakala. Mimi naona nakala ndiyo heshima kubwa tuliyoipa kazi hii. Ya kwanza ilifunguliwa 1983, mita 200 hivi kutoka pango halisi. Mchoraji Monique Peytral aliifanyia kazi kwa miaka mingi, akitumia madini ya aina ileile ya wachoraji wa kale. Nyingine kubwa zaidi, inayoonyesha karibu pango zima, ilifunguliwa Desemba 2016 huko huko Montignac.

Yaliyotokea Lascaux yaliokoa pango jingine. Desemba 1994, watafiti watatu wa mapango walikuta Chauvet, kusini-mashariki mwa Ufaransa, lenye simba na vifaru waliochorwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Wagunduzi walitandika plastiki sakafuni wakatembea juu yake tu, wasikanyage alama za kale. Pango hilo halijafunguliwa kwa watalii hata siku moja: huingia watafiti wachache, kwa muda mfupi, na wageni wengine wote hupelekwa kwenye nakala iliyofunguliwa mwaka 2015.