Oakes Ames na hisa zilizouzwa kwa dola 100

Ninapofundisha vijana wanaoanza kazi ya ukaguzi wa hesabu, mfano wangu wa kwanza ni Oakes Ames, mfanyabiashara wa Easton, Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1804. Familia yake ilitengeneza mabeleshi. Watu walipokimbilia dhahabu ya California, biashara hiyo ilishamiri. Mwaka 1862 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, akadumu humo miaka kumi.

Jambo lililoharibu jina lake lilikuwa reli. Kampuni ya Union Pacific ilijenga kutoka Nebraska kuelekea magharibi, na serikali ikaikopesha hatifungani, yaani hati za deni zinazouzwa ili kupata fedha: dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare, 48,000 milimani. Wakubwa wa Union Pacific walikuwa pia wenye hisa wa Crédit Mobilier, kampuni iliyolipwa kuijenga. Kwa hiyo mwenye nyumba na fundi walikuwa watu walewale. Mkataba wa mwaka 1867, uliobeba jina la Ames mwenyewe, ulihusu maili 667 kwa takribani dola milioni 47. Nani angebisha bei? Faida iliishia kwa fundi, mzigo wa madeni ukabaki kwa reli.

Wanafunzi huniuliza mbona Bunge lilinyamaza. Hapo huwa natulia nao kwa muda mrefu. Tangu mwishoni mwa 1867, Ames aliwauzia wabunge wenzake hisa za Crédit Mobilier kwa dola 100, bei iliyoandikwa kwenye hisa, wakati thamani yake halisi ilishapita hapo kwa mbali. Asiye na fedha mkononi alichukua kwa mkopo, na gawio, yaani mgao wa faida ya hisa hizo, likalipa deni lake. Ukitafuta bahasha huioni. Kuna mauzo tu, na kila hesabu imekaa mahali pake. Rushwa imo katika tofauti ya bei, na tofauti hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote. Ames mwenyewe aliandika katika barua kwamba anaziweka hisa pale zitakapowafaa zaidi yeye na wenzake wa kampuni.

Simwiti mwizi wa kawaida. Aliingiza mali yake katika reli ambayo matajiri wengi waliiogopa, na tarehe 10 Mei 1869 ilikutana kweli na ile ya Central Pacific huko Promontory, Utah. Lakini mbunge anayeuza hisa kwa wale watakaopiga kura juu ya kampuni yake amekosea, hata kama reli imefika.

Gazeti la Sun la New York lilifichua habari hizo mwaka 1872. Mbele ya kamati ya Bunge, Ames alitoa daftari lake dogo lenye majina. Februari 1873 Baraza lilimkemea rasmi kwa kura 182 dhidi ya 36, na Mei akafariki. Kati ya wabunge waliotajwa, mwingine aliyekemewa alikuwa James Brooks peke yake. James Garfield, ambaye Ames alisema alimlipa dola 329 za gawio, alikana. Mwaka 1880 alichaguliwa kuwa Rais.