Fazi: sauti ya wimbi lililokatwa kichwa

Anayeanza kujitengenezea pedali za gita nyumbani, yaani visanduku vya mguuni vya kubadilisha sauti, mara nyingi huanza na fazi (fuzz), ile ya mkwaruzo. Vipuri vyake ni vichache na ramani ya sakiti inaenea kwenye karatasi ya daftari. Lakini ukimuuliza fazi yenyewe ni nini, atakuigizia kwa mdomo: "vvvrrrr". Si jibu baya, ila halimsaidii siku sakiti ikigoma.

Fazi ni sauti ya gita iliyokuzwa kupita nafasi iliyopo, mpaka vilele vya wimbi lake vikakatwa. Uzi wa gita ukitikisika, sumaku zilizo chini yake hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa mkunjo laini. Umeme huo ni mdogo, tuseme sehemu ya kumi ya volti. Transista za pedali huukuza mara mia na zaidi. Sasa piga hesabu: sehemu ya kumi ya volti, mara mia, ni volti 10, na betri uliyoweka ni ya volti 9, tena hizo 9 ndizo zote, kutoka sakafu hadi dari. Wimbi linapanda, linagonga dari, linatambaa nayo mpaka wakati wa kushuka, kisha linagonga sakafu. Kilichoingia kikiwa kilima kinatoka kikiwa sanduku.

Kona za sanduku hilo ndizo tunazozisikia. Piga uzi wa tano bila kuubana: unatikisika mara 110 kwa sekunde. Ukikata wimbi lake sawasawa juu na chini, zinazaliwa sauti nyingine za mara 330, 550, 770 na kuendelea, yaani 110 mara tatu, mara tano, mara saba. Ukikata juu zaidi kuliko chini, zinaongezeka na za 220 na 440, na mkwaruzo unapata unene.

Piga nyuzi mbili kwa pamoja na mambo yanachafuka, kwa sababu wimbi lililokatwa huzaa pia jumla na tofauti za sauti zilizoingia, na hizo haziko kwenye kodi (chord) uliyoishika. Ndiyo maana mpiga solo wa rumba, anayetaka kila noti ya sebene isikike peke yake, hana haja kubwa na kifaa hiki. Lakini hukohuko Kinshasa, kundi la Konono N°1 walikuza likembe zao, zile ala za vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, kwa vifaa vya kujiundia, sumaku zikitoka kwenye vyuma chakavu vya magari, na mkwaruzo ukawa ndio utamu wenyewe.

Chanzo cha fazi kuuzwa dukani ni ubovu wa mashine. Wimbo mmoja wa mwimbaji Marty Robbins uliorekodiwa Nashville, Marekani, na kutoka mwaka 1961, una sehemu ambapo gita la besi la Grady Martin linanguruma kama nyuki waliochokozwa. Njia moja ya meza ya kurekodia ilikuwa imeharibika. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, hakuufuta ule mkwaruzo; aliunda sakiti ya transista ya kuuiga, na mwaka 1962 kampuni ya magita ya Gibson wakaitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Haikuchangamkiwa sana mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia kwenye wimbo wa "Satisfaction".

Inayopendwa zaidi na wajengaji wa nyumbani ni Fuzz Face, iliyotolewa London na kampuni ya Arbiter mwaka 1966 na kupata umaarufu chini ya mguu wa mpiga gita Jimi Hendrix. Sakiti yake ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vidhibiti 2 vya kuzungusha. Vipuri 11, basi. Kazi inayosumbua ni kutafuta mahali pa kukaa wimbi: unashika mita, unapima mguu wa kolekta (ule wa kutolea sauti) wa transista ya pili, unabadilisha rezista mpaka isome karibu volti 4.5, katikati ya dari na sakafu. Ikisoma volti 8, sauti itatoka ikikatikakatika kama redio yenye betri zilizochoka.

Za mwanzo zilitumia transista za jemani (germanium), kama AC128, zilizokuwamo pia kwenye redio za miaka ya 1960. Kwa hiyo droo ya fundi redio mzee inastahili kupekuliwa. Ila jemani huvuja umeme joto likipanda, na pedali uliyoipima vizuri asubuhi Mombasa inaweza kuwa na sauti nyingine saa nane mchana. Transista za silikoni hazina deko hilo, ingawa sauti yake ni kali zaidi. Mimi ningemwambia mgeni aanze na silikoni.

Watu huchanganya fazi na ovadraivu, pedali nyingine ya mkwaruzo. Katika ovadraivu kama Tube Screamer ya Ibanez, diodi mbili, vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huwekwa kwenye njia inayorudisha sauti kutoka mwisho wa chipu ya kukuza hadi mwanzo wake, na kila wimbi likikaribia volti 0.6 ukuzaji unapungua taratibu. Vilele havikatwi kwa panga, vinapigwa msasa.

Jambo la mwisho ni boksi. Fazi hukuza kila kitu, pamoja na usichokiomba. Yangu ya kwanza niliifunga kwenye kisanduku cha plastiki cha sabuni. Nilipoacha kupiga, spika ikaendelea na mahubiri ya stesheni fulani, maneno yote yakisikika. Nilihamishia sakiti kwenye kopo la bati, nikalehemu waya kutoka bati hadi upande wa hasi wa betri, na mhubiri akanyamaza katikati ya sentensi.